Mlinzi wa Gedi na Mgeni wa Kusi

Watu wengi wa Mombasa wa umri wangu wanalijua jina la Bwana James Kirkman. Huyo ndiye Mwingereza aliyeifukua Ngome ya Yesu, pale Ngomeni, mahali ambapo wazee wetu walipajua kuwa ni jela na sisi tukapajua kuwa ni makumbusho ya kwenda kutembea na watoto siku ya pili ya Idi. Vitabu alivyoandika juu ya magofu ya pwani vingali vikisomwa, na mwanafunzi wa historia hawezi kumpita bila ya kumbishia hodi. Lakini leo sikusudii kueleza habari za mizinga na kuta peke yake. Nataka kueleza maisha yake kwa ajili ya ndege mmoja mdogo, ambaye hakuwa shughuli yake, lakini ambaye leo ana pa kutua kwa sababu mtu huyu na wenzake walipatunza mahali pamoja kwa miaka mingi.

Ndege mwenyewe ni mkubwa kidogo kuliko shore. Mgongo wake ni wa rangi ya majani makavu, kifua chake ni cheupe chenye madoa meusi yaliyopangika kama wino uliodondoka juu ya karatasi, na bawa lake lina mistari miwili myeupe. Wasomi wa ndege humtia katika jamii ya mikesha, basi nami nitamwita mkesha wa madoa. Wazungu walimwandika vitabuni mara ya kwanza mwaka 1831, kwa ndege aliyepatikana Afrika ya Kusini. Wale wa pwani yetu walipewa mwaka 1901 jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekaa Unguja na kusafiri barani katika miaka ya 1870 na 1880. Hivi leo ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka duniani.

KAZI YA GEDI

Bwana Kirkman alizaliwa mwaka 1906. Kazi iliyomfunga na pwani hii aliianza mwaka 1948, Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimekwisha, alipowekwa kuwa mlinzi wa magofu ya Gedi, yaliyo kusini ya Malindi karibu na Watamu.

Gedi ilikuwa imekwisha kujulikana na wakubwa wa serikali kabla ya hapo. Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 magofu yaliandikwa kuwa ni mahali pa kumbukumbu, na mnamo 1939 kuta zilizokuwa zikianguka zikaanza kutengenezwa. Lakini mji wenyewe ulikuwa umemezwa na msitu. Jirani walipaogopa kwa habari za mizimu, na woga huo, tukisema kweli, ulipahifadhi kuliko sheria yoyote.

Mwaka huo wa 1948 lilitendeka jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha makala haya. Gedi ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Ilikuwa mbuga isiyo na simba wala ndovu, bali yenye misikiti, makaburi, visima na miti. Maana yake ni kwamba mlinzi aliyewekwa hakukabidhiwa mawe matupu. Alikabidhiwa mahali pote, na mti uliosimama juu ya gofu ulikuwa chini ya amana ile ile ya gofu lililo chini ya mti.

Kwa muda wa miaka kumi Bwana Kirkman alichimba hapo. Hakuchimba kama mtafuta hazina. Alishuka tabaka baada ya tabaka, akikusanya vigae vya vyombo vya kauri vya Kichina na vya udongo vya nchi za Kiislamu, kwani kigae chenye tarehe inayojulikana humwambia mchimbaji umri wa sakafu kilipookotwa. Kwa njia hiyo aliutambua msikiti mkuu wa karne ya 15, jumba la kifalme, na nyumba nyingi alizozipa majina kwa vitu vilivyoonekana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaburi moja lilikutwa na maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na hilo likawa kama msumari wa kutundikia tarehe nyingine.

Mwenye kuingia Gedi leo anaweza kutembea katika mji wa watu waliokuwa na adabu na nafasi. Ataona kisima cha kutawadhia na birika lake, mihrabu iliyopambwa, na vyoo ndani ya nyumba wakati ambapo miji mingi ya Ulaya haikuwa navyo. Ndani ya ukuta wa nje eneo la mji ni kiasi cha ekari 45. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 17, watu walihama wakauacha. Wengine husema ni vita, wengine husema ni maji ya visima yaliyozidi kwenda chini. Waliohama walichukua habari zao, na miti ikaingia kuishi katika nyumba zao.

Haifai kumsifu maiti kwa lisilokuwa lake. Kitabu chake cha kwanza cha Gedi, cha mwaka 1954, kiliuita mji ule kuwa ni wa Waarabu, na ndivyo wasomi wengi wa zama zake walivyoiona miji yetu, kana kwamba ililetwa ikiwa tayari ndani ya jahazi. Wasomi waliomfuata, wakiwemo Waafrika, wamechimba zaidi na kuonyesha kwamba miji hii ilimea hapa hapa, kwa mikono ya Waswahili wenyewe, ikifanya biashara na kuoana na ng'ambo. Hata hivyo waliomsahihisha walitumia vigae na michoro yake mwenyewe. Mtu aliyeandika kazi yake wazi hata akaweza kukosolewa kwayo ametenda haki.

KUTOKA JELA HADI MAKUMBUSHO

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa Ngomeni, ambako jela ilikuwako tangu mwaka 1895. Mfuko wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa pauni 30,000 kwa ajili ya kuitengeneza ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kazi akapewa Bwana Kirkman. Majengo ya jela yalibomolewa, kifusi kikatolewa, na misingi ya kanisa la Wareno na ya nyumba zao ikaonekana. Mwaka 1960 makumbusho yalifunguliwa. Aliendelea kuichimba ngome kwa miaka mingine zaidi, na kitabu chake kikubwa juu yake kikatoka mwaka 1974.

Mimi nilikuwa mtoto wa Kibokoni wakati ule. Nyumba yetu haikuwa mbali na Ngomeni, na ami yangu alikuwa fundi wa mawe na chokaa, akitengeneza nyumba za watu katika Ndia Kuu na vichochoroni. Sikupata hata siku moja kuzungumza na Bwana Kirkman, lakini jina lake lilikuwa barazani petu kila siku, kwa kuwa ami yangu alipenda kubishana juu ya namna ya kuponya ukuta mkongwe.

Neno moja la ami yangu liliniingia nikakua nalo: kwamba adui wa ukuta ni mti. Alituonyesha jinsi mbegu ya mkuyu iliyoachwa na ndege ufani inavyoota ndani ya ufa, mzizi ukawa kama uzi, kisha kama kamba, kisha kama mkono wa mtu, hata jiwe likang'oka. Mti ukiota dirishani petu aliukata siku hiyo hiyo. Ndege aliyeleta mbegu naye hakuwa na sifa. Sisi watoto tulitega ulimbo makaburini tukawanasa chiriku, na wengi walikufa mikononi mwetu kabla ya kufika nyumbani. Hakuna aliyetukataza.

Basi nilipokuwa mtu mzima nikafika Gedi mara ya kwanza, niliudhika. Niliona mibuyu na miti mirefu imesimama katikati ya nyumba, mizizi imekumbatia kuta, na majani makavu yamejaa vyumbani. Niliporudi Mombasa nilisema barazani, tena kwa sauti, kwamba walinzi wa mahali pale wamezembea, na kwamba ingefaa miti yote ikatwe, majani yafagiliwe na yachomwe, ili msikiti wa Waislamu uonekane mweupe kama siku ulipojengwa. Watu waliniunga mkono. Nami nilijiona nimesema neno la dini.

ASUBUHI MOJA MSIKITINI

Miaka mingi baadaye, katika mwezi wa Julai, nilirudi huko pamoja na mkwe wangu. Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, na tulifika Gedi kabla ya watalii. Tulikaa karibu na kisima cha msikiti mkuu kupumzika. Hapo nikasikia chakarachakara katika majani, nikadhani ni mjusi. Kijana aliyekuwa akituongoza akanishika mkono akaninyamazisha.

Alitoka nyuma ya nguzo, hatua tatu, akasimama kimya kama jiwe. Kisha akaliingiza domo chini ya jani, akaligeuza kama mtu anayefunua ukurasa, akatazama, akalipita, akafunua jingine. La tatu au la nne lilikuwa na mnyoo. Akala, akasimama tena. Kifua chake chenye madoa kilikuwa kimewekwa rangi kiasi kwamba aliponyamaa jua likipenya majanini, nilimpoteza mbele ya macho yangu.

Kijana yule alinieleza kwa maneno machache yale ambayo baadaye niliyasoma kwa kirefu. Ndege huyu si mkaazi. Huja kwetu kuanzia mwezi wa Aprili, pepo za kusi zinapoanza, na huondoka kabla ya mwaka kwisha, kaskazi inapokaribia. Husafiri usiku, na hutoka upande wa kusini. Viota vya jamaa zake vimeonekana kwenye uwanda wa juu wa Rondo, karibu na Lindi, kusini mwa Tanzania. Huko kwao huimba kwa sauti tamu kama ya filimbi. Huku kwetu hanena sana, ana mlio mwembamba tu, kama mgeni mwenye adabu katika nyumba ya watu.

Ajabu niliyoiona mimi ni kwamba huyu ni mwenda na misimu, kama mababu zetu. Jahazi lilikwenda Arabuni kwa kusi likarudi kwa kaskazi. Na ndege huyu hupanda na kusi mpaka kwetu, akashuka na kaskazi mpaka kwao. Bandari yake ni kivuli kizito cha msitu wa pwani chenye majani makavu mengi chini. Hana bandari nyingine. Hataki shamba, hataki bustani iliyofagiliwa, wala hataki kichaka cha jua kali. Yale majani niliyotaka yachomwe ndiyo sahani yake ya chakula.

Nilirudi nyumbani kimya. Neno nililolisema barazani lingetimizwa na mwenye mamlaka, ningekuwa nimeivunja nyumba ya mgeni kwa jina la kuusafisha msikiti.

Bandari zenyewe zimebaki chache. Msitu wa pwani, ambao zamani ulikuwa kama utepe mrefu, sasa ni viraka: Gedi, msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani yake, wenye kiasi cha kilomita za mraba 420, Diani, vilima vya Shimba, na baadhi ya makaya ya Wamijikenda. Baina ya kiraka na kiraka ni mashamba, viwanja vya nyumba na mahoteli. Miti hukatwa kwa mbao, kwa kuchongea vinyago na kwa makaa. Ndege anayesafiri usiku aidha hugonga vioo vya majumba yenye taa. Waliokwenda kuwahesabu mikesha wa madoa pwani kwetu wameona kwamba wamepungua, hata katika sehemu zilizolindwa. Na mwenye nyumba mbili akibomolewa moja huwa hana makao: msitu ukikatwa Lindi, Gedi hupungukiwa na wageni, na Gedi ikifagiliwa, Lindi hukosa waimbaji.

Wala si yeye peke yake. Katika msitu wa Sokoke kuna ndege wadogo wengine ambao ulimwengu mzima unawatazama kwa wasiwasi. Mmoja, wa jamii ya mnana, aliandikwa vitabuni mwaka 1913, na kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipoonekana katika eneo la Dakatcha, ng'ambo ya Mto Sabaki. Ukikata msitu usioujua, hujui umemkata nani.

Zipo juhudi za kutia moyo. Tangu mwaka 1993, pale pale Gedi, uko mradi wa Kipepeo, ambamo wakulima wanaoupakana msitu wa Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo. Mtu anayepata karo ya mwanawe kutokana na msitu uliosimama hahitaji kuhubiriwa sana juu ya shoka. Makaya yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na mwezi Julai wa 2024 ikafuata Gedi yenyewe.

KUNGURU WETU WENYEWE

Huenda msomaji wa Mji wa Kale akasema: hayo ni ya Gedi, sisi yanatuhusu nini? Nami nitamwomba atoke uwanjani kwake asubuhi asikilize. Nilipokuwa mtoto, chozi walikuja kunyonya maua ya mkomamanga wa jirani yetu, na shore aliamsha watu pamoja na mwadhini. Leo sauti inayosikika ni moja: kunguru.

Huyu kunguru mwembamba wa kijivu shingoni si wa hapa. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na Mombasa alionekana mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Bwana Kirkman kuanza kazi Gedi. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ameenea pwani yote mpaka Malindi. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kampeni ya kuwaua kunguru kiasi cha milioni moja. Sumu inaweza kumpunguza, lakini anayemlisha ni nani? Ni jaa letu lililo wazi, na utumbo wa samaki tunaoutupa kichochoroni. Mkesha wa madoa hazalii kwetu, kwa hiyo kunguru hali mayai yake, lakini chozi na shore wanazaa kwetu, na sisi ndio tuliomwekea adui yao sufuria mezani.

Bwana Kirkman alifariki mwaka 1989. Tangu mwaka 1969 Gedi imekuwa mikononi mwa makumbusho ya taifa, na walinzi waliokuja baadaye ni watoto wa nchi hii. Mashindano ya jiwe na mzizi hayakwisha. Ami yangu, Mungu amrehemu, alisema kweli kwamba mti unaweza kuangusha ukuta, na wanaotunza Gedi hulazimika kila mwaka kuamua mzizi upi ukatwe na upi uachwe. Ninaloliona sasa ni kwamba uamuzi huo haufanywi kwa hasira wala kwa kupenda weupe. Hufanywa kwa mkono wa polepole, kama alivyochimba yeye, tabaka kwa tabaka.

Sisi Waislamu wa pwani tunaijua maana ya wakfu. Mtu hutoa kisima, na anayekunywa huenda akawa mtu asiyemjua, au mbuzi, au ndege. Thawabu ya mtoaji haipungui kwa kuwa hakumkusudia yule aliyekunywa. Waliojenga msikiti wa Gedi waliujengea watu wa kusali. Aliyewekwa kuulinda alilinda mawe yake. Na katika kivuli cha kazi zao wote, mgeni wa kusi amepata sakafu ya majani.

Mimi sasa kila mwaka kusi inapoanza kuvuma humkumbuka. Nimepanda mkomamanga katika pipa uwanjani, na jaa la nyumba yetu lina kifuniko. Ni kidogo, lakini nilianza na ulimbo. Barazani ninapomsikia kijana akisema magofu yale yafagiwe yang'ae, humwambia aende kwanza akakae kisimani asubuhi, mwezi wa Julai, anyamaze kidogo, asikilize majani.